Futi Haina Timu

Ligi inaanza Alhamisi ijayo,
na Ibra nzima imepita mlangoni kwangu
na swali lile lile: Bi Rayya, nani mwaka huu,
Falaji au Mnara?
Wananiuliza mimi, nisiyejua kuotea ni mnyama gani,
mimi ambaye mpira kwangu ni kelele za ng'ambo ya wadi
saa ya kukuna nazi.

Lakini jezi za pande zote mbili nazishona mimi.
Miaka kumi na tisa, cherehani kimoja,
kilichokuja kutoka Unguja kimefungwa kanga za mama.
Basi kaeni. Nitasema nilichopima, sizidishi.

Falaji wamenenepa.
Hilali, beki wa kati, kaongeza inchi mbili kiunoni
tangu Idi; anaapa futi yangu imefuliwa ikarudi.
Lakini mabega! Mabega ya Falaji ni mlango wa ngome.
Miaka sita hawajabadili mtu.
Hata kupimwa huja kwa safu, beki mbele, kipa nyuma,
na mmoja akichelewa
wengine hawagusi kahawa mpaka afike.

Mnara ni wembamba, shingo za majogoo wa jana.
Wamesajili watatu kutoka Sur na mmoja kutoka Bahla,
na hao hawajajua kupasiana hata sahani ya tende.
Walikuja mmoja mmoja, kila mtu na simu yake.
Lakini vigimbi vyao, jamani,
mpira wa soksi niliuongeza mara mbili.
Yule mdogo, Mundhiri, hakusimama apimwe:
mguu wa kulia niliupimia kitini,
wa kushoto niliupimia uani, akishaaga.

Makipa?
Yaarubi wa Falaji ana mkono wa inchi ishirini na sita,
unaokota tende bila ngazi;
ila nilipomzungushia futi kifuani
moyo wake ulikuwa unagonga kama mdai.
Wa Mnara mkono wake mfupi,
na alisinzia nikimpima.
Mkono mrefu wenye hofu, mkono mfupi wenye usingizi:
hapo amueni wenyewe.

Na Azzani.
Mnamjua, kumi na moja wa Falaji, misimu mitano.
Kiangazi hiki kavuka wadi kwenda Mnara,
na ami yake sasa akimwona sokoni
hugeukia bei ya samaki.
Alikuja baada ya isha, taa ya nje nimeshazima.
Nikampima. Hakuongezeka, hakupungua,
vipimo vya mwaka jana vile vile, daftari lipo.
Alipokuwa anavaa kandambili akauliza, hanitazami:
"Ile kumi na moja nyekundu umempa nani?"
Nikamwambia, bado.
Akasema, "Aha."
Akasema tena, "Aha," akaenda.

Usiku ule nilishona jezi yake ya buluu,
na kola, kwa ndani, pale panapogusa shingo,
nikaipitisha uzi mwekundu.
Wa buluu ulikuwa umekwisha,
na soko la wanawake ni Jumatano.
Au tuseme ulikuwa umekwisha.

Sasa mnataka jibu.
Wenye mabega wakifunga mlango, Mnara watazunguka nje
mpaka vigimbi vichoke.
Wenye miguu wakipata upenyo mmoja tu,
Hilali na inchi zake mbili hatageuka kwa wakati.
Zaidi ya hapo futi haisemi.
Kikombe hakijawahi kuletwa kwangu kupimwa kiuno.

Daftari, hata hivyo, linasema.
Falaji nawadai riali ishirini na mbili za msimu uliopita.
Mnara wamelipa nusu, nusu wameleta halua.
Atakayemaliza deni kabla ya Alhamisi,
huyo ndiye nitakayemwombea dua,
na dua yangu, waulizeni majirani,
haijawahi kukosa goli.